Uwanja Usiokuwemo Daftarini

1.

TANGAZO

Halmashauri ya Mji wa Invermorrach, Uskochi, inawatangazia wakazi wote kwamba kipande cha ardhi nyuma ya Mtaa wa Kanisa, kijulikanacho kama Uwanja wa Kuanikia, hakimo katika Daftari la Mali ya Pamoja. Kwa kuwa hakimo, si mali ya wenyeji. Kwa kuwa si mali ya wenyeji, kitauzwa ili ijengwe hoteli. Mwenye pingamizi alete ushahidi wa maandishi kikaoni, Alhamisi, saa kumi alasiri.

2.

Vilivyomo daftarini:

Ukumbi wa mji, pamoja na saa yake inayochelewa.
Rungu la fedha la mkuu wa mji.
Ngoma moja, imepasuka.
Picha za wakuu wa mji kumi na wanne, wote wamenuna.
Ufunguo wa lango lililobomolewa zamani.

Lango lenyewe halipo, lakini ufunguo umeandikwa!

3.

Mwanamkasi binti Hatibu, mzaliwa wa Pangani, mjane wa Murdo Geddes, alilisoma tangazo kwenye mlango wa maktaba, kapu la nguo mbichi kiunoni. Daftari hilo aliliandika mumewe, miaka ishirini na sita iliyopita, alipokuwa karani wa mji. Murdo alihesabu mpaka vijiko. Alipofariki, mji ulimwekea kibao cha shaba ukutani mwa ukumbi, na mjane wake hukisugua kila mwezi.

Akalisoma tena. Halafu akaenda kuanika, maana nguo hazingoji.

4.

Sheria za uwanja, ambazo hazijaandikwa popote:

Kila nyumba ina kamba yake. Shuka za mgonjwa hutangulia. Jumapili hakuna kuanika. Mvua ikianza, aliye karibu anaanua za wote, anazikunja, anaziacha mlangoni kwa wenyewe.

Wiki yake ya kwanza mjini, hajui hata jina la jirani, Mwanamkasi alikuta kanga zake mlangoni zimekunjwa pembe kwa pembe. Alilia. Aliyezikunja ni Effie Rennie, na mpaka leo Effie ndiye shoga yake.

5.



(Hapa ndipo uwanja ungekaa.)



6.

Foleni ya mkate:

"Murdo asahau? Murdo hakusahau kitu."

"Basi kama hakuuandika, labda kweli si wetu."

"Bibi yangu alianika pale. Na mama yake bibi."

"Una maandishi?"

"Nina shuka."

7.

Wewe unayesoma, ingia jikoni kwake, ila usiguse kitu. Kabatini, chini ya vitambaa vya meza, kuna kijitabu cha rasimu chenye mwandiko wa Murdo. Ukurasa wa tisa umeandikwa: *Uwanja wa Kuanikia, mali ya wenyeji tangu kale.* Maneno hayo yamekatwa kwa mstari mmoja. Pembeni: *M. anasema hakuna haja.*

M.

Mwanamkasi anakumbuka vizuri. Alikuwa anapiga pasi. Alicheka, akasema, "Murdo, wa nini kuuandika? Nani atakuja kuiba mahali pa kuanikia chupi?" Naye Murdo akacheka, akakata.

Ukurasa huo unathibitisha kwamba karani aliujua uwanja ni wa wenyeji. Na aibu ya Mwanamkasi imo humo humo. Hawezi kuonyesha kimoja akaficha kingine.

8.

Simu, Pangani.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona sauti iko chini?"

Akamweleza yote.

"Mali bila daftari hupotea bila habari. Marehemu baba akisema, wewe ukimcheka."

"Wataniita mgeni, dada. Miaka thelathini na moja, ndiyo kwanza wameacha."

"Na ukinyamaza?"

"Hoteli itajengwa. Watasema Murdo alisahau."

"Kwani yuko hai ajitetee?"

"Dada, nina nguo za kuanua."

"Mwanamkasi. Nijibu."

9.

Aliyoyafikiria:

Kuikwangua ile M kwa wembe.
Kusema M ni MacPhail, mkuu wa mji wa enzi zile, ambaye naye amekufa na hawezi kukana.
Kukichoma kijitabu.
Kumwambia Effie kwanza. Hili alilijaribu. Alifika mpaka mlangoni, akakaribishwa chai, wakazungumza habari za vibanio vya nguo, akarudi nyumbani na siri yake.

10.

KUMBUKUMBU ZA KIKAO. Ajenda ya tatu. Bi. Geddes, mkazi, amewasilisha kijitabu cha rasimu. Mwenyekiti amesoma ukurasa wa tisa kwa sauti. Mwenyekiti ameuliza M ni nani.

11.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Effie alikaa kando yake, amemshika mkono.

"Kama hujui, Bi. Geddes, sema tu hujui," alisema mwenyekiti, kwa upole. "Ukurasa unatutosha. Tutaandika kwamba karani alizembea, basi, tupige kura."

Njia ilikuwa imefunguliwa, pana, hata kichwa asingehitaji kukiinamisha. Uwanja ungeweza kupona, naye akabaki Bi. Geddes wa watu. Ni Murdo tu ambaye angeandikwa mzembe, na Murdo hasikii.

"Hapana," alisema Mwanamkasi. "Hakuzembea. Yeye aliandika. Mimi nikamwambia akate. M ni mimi."



Mkono wa Effie ukaondoka juu ya mkono wake.

Aliogopa, tena aliogopa kuliko siku ya mazishi, maana siku ile mji mzima ulikuwa upande wake. Karani mpya alikuwa akiandika. Mwenyekiti akakohoa, akawaambia madiwani kwamba wanaotaka uwanja uingizwe daftarini wanyooshe mikono.

Nyuma yake viti vikaanza kukwaruza sakafu, kimoja, kisha vingi. Wenyeji hawana kura kikaoni, kazi yao ni kukaa na kusikiliza. Sasa walikuwa wanasimama. Mwanamkasi hakugeuka kutazama kama wanatoka, au wananyoosha mikono.