Jina la Tegu wa Kitwitwi

Wembe, mpasuaji wa maabara, ndiye aliyefungua utumbo wa kitwitwi, kale kandege ka kutembea matopeni, akamkuta tegu, mnyoo mweupe, mfupi kuliko ukucha. Ndiye aliyemwekea dawa, akamlaza kwenye kioo, akahesabu ndoano za kichwani: kumi. Tegu wote waliowahi kuonekana kwa kitwitwi wana ishirini.

Mtafiti, binti wa meza ya pili, alichungulia hadubini mara moja tu. "Kaka, huyu ni mpya!"

Akaanza kuandika maelezo ya kumtambulisha tegu kwa wanasayansi. Wembe akabaki kuosha makoleo. Kila kibodi ilipolia, wivu ulimkereketa kooni kama mwiba wa samaki. Mimi nimeutia mkono utumboni, yeye anatia jina kwenye karatasi! Wiki nzima hakuitikia salamu ya Mtafiti sawasawa.

Ijumaa uzalendo ukamshinda. Dereva wa maabara alikuwa mlangoni na kisanduku cha barafu chenye ndege. Wembe akapiga meza.

"Dada, hiyo makala bila jina langu juu haitoki! Nami niwe mwandishi."

Mtafiti aliacha kuandika. "Sawa, kaka. Ila itabidi nimtafutie tegu jina jingine."

"Kwa nini?"

"Nilimpa lako. Nilitaka ulikute limeshachapwa. Na unajua desturi ya kazi hii: mwandishi hampi mnyama jina lake mwenyewe. Watu watatucheka. Basi chagua: juu ya makala, au kwa tegu milele."

 Moyo wa Wembe ulisema tegu. Lakini dereva alikuwa amejiegemeza mlangoni, akitabasamu.

"Makubwa! Mtu mzima anagombania mnyoo!"

"Nimeshasema," Wembe akajibu, kifua mbele. "Juu ya makala."

"Haya. Tegu nampa jina la dereva. Ndiye aliyewabeba ndege wote toka matopeni."

"Mimi?" Dereva nusura aangushe kisanduku.

Makala ilipotoka, jina la Wembe lilikuwa la pili, kwa herufi ndogo. La dereva, sasa jina la tegu, lilikuwa kwenye kichwa cha makala, kwa herufi kubwa. Dereva aliibandika makala kwenye kioo cha gari.

"Kaka Wembe, mwanangu hana mikono wala miguu, ila ubini anao!"

 Wembe alitoa kitwitwi mwingine kwenye barafu, akashika mkasi, akaanza kutafuta tegu mwingine.