Kipande Kimetangulia

Kemboi alifunga begi, akalifungua, akalifunga tena, na jua lilikuwa halijamaliza kupanda. Gari lingempitia kesho yake alfajiri hapo Pipeline, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Lilikuwa gari la watu wa ukoo, na dereva wake, Kimeli, alishamwonya hadi maneno yakamwisha. Shati utaazimwa, mzee, koti utaazimwa, lakini kipande, kitambulisho chako, hakiazimwi. Wale wa mpaka pale Suam hawapendi hadithi. Bila kipande utatupungia mkono ukiwa huku Kenya na sisi tuko Uganda.

Basi Kemboi akaona heri akitoe kipande kwenye pochi akitie katika mfuko wa shati, kikae mahali atakapokisikia akipumua. Akaingiza vidole pale kinapokaa siku zote. Kilichotoka ni kadi ya plastiki ya kijani, imekwaruzwa pembeni, imeandikwa kwamba mwenye kuishika ni mgeni. Akaigeuza. Nyuma hapakuwa na neno, pamekauka kama kisigino.

Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Mji umekuwa hivyo siku hizi: huingii jengo lenye lifti wala mtaa wenye maua bila kumwachia soja wa getini kipande chako. Anakitupa kwenye sanduku, anakupa kadi ya mgeni, na ukitoka mnabadilishana. Kemboi alikuwa ametoka mahali bila kubadilishana. Mahali penyewe wapi, kadi haikusema, na kichwa chake pia kilinyamaza.

Akakaa kitandani. Akasimama. Hakuwa mtu wa kukaa hata siku njema. Alikuwa ameendesha malori tangu ndevu zilipomwota mpaka zikawa nyeupe, Mombasa hadi Kigali, Kigali hadi Juba, na tangu astaafu alikuwa akizunguka mji kwa miguu kama mtu aliyetumwa. Wiki hiyo peke yake alikuwa ameingia mageti mengi kuliko karani wa kaunti.

Safari yenyewe haikuwa ya kuahirishwa. Dada yake Cheptoo aliolewa Kapchorwa, ng'ambo ya Mlima Elgon, na sasa kitinda mimba wake, Chepkemei, alikuwa anatolewa. Kwao msichana hatoki nyumbani mpaka mjomba asimame mlangoni na bakuli la maziwa, amnyunyizie, amtamkie maneno ya kwenda nayo. Dada mkubwa wa Chepkemei alipoolewa, walimngoja Kemboi hadi maziwa yakaganda. Alikuwa amekwama njiani na shehena ya saruji. Ikabidi jirani ashike bakuli. Cheptoo hakulalamika, na hiyo ndiyo iliyomchoma Kemboi. Safari hii Cheptoo alipiga simu mwenyewe. Kaka yetu Kipruto ameniambia hawezi kutoka, alisema. Nimebaki na wewe. Ukikosa, mtoto ataenda bila neno la kwetu.

Kemboi akaichukua ile kadi akashuka mjini.

Alianzia hospitali, alikokuwa amemwona turnboy wake wa zamani, msaidizi wake wa lori, mwenye mguu wa sukari. Soja wa pale akaiangalia kadi kwa mbali, akasema za kwao ni za bluu. Akaenda kwenye ofisi za chama cha akiba. Za kwao zilikuwa nyekundu, zina kamba. Akafika kwenye ghorofa ya daktari wa macho, karibu na stendi, ambako mlinzi mwenyewe hakuwa na hakika. Alisema kadi za zamani zilikuwa za kijani, na aliyezijua ni mkubwa wake, na mkubwa wake yuko ndani.

"Basi nipishe nimuulize," Kemboi akasema.

"Kipande, mzee."

"Ndicho ninachokitafuta."

"Sasa utaingia aje bila kipande?"

"Kama ningekuwa nacho, kijana wangu, ningetaka kuingia kufanya nini?"

Soja akacheka kutoka moyoni, akampa hata stuli akae, lakini geti halikufunguka. Mkubwa wake alipotoka kwenda kula, aliitupia kadi jicho moja tu akasema si yao.

Kemboi akaikataa stuli. Akasimama kando ya barabara, watu wakimpiga kumbo, mwendesha boda akimuuliza, mathe wa ndizi akimuuliza, boss unaenda ama hauendi. Akaanza kuzirudia safari zake za wiki hiyo kichwani, si pale alipoingia bali pale alipotokea. Hapo ndipo akajishika. Yeye hakuwa na desturi ya kutoka alikoingilia. Lori la trela halipendi kurudi kinyumenyume, na miaka mingi ya kuliendesha ilikuwa imemfundisha kutafuta upande wa pili wa kila uwanja. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akimcheka kwamba hata kanisani anatokea mlango wa kwaya. Kwa hiyo swali likawa jepesi. Ni jengo gani kati ya yote lenye mageti mawili?

Ni kwa Ashok.

Ashok ndiye aliyekuwa mwenye malori. Sasa alikuwa amezeeka, ameyauza yote, na alikaa na mwanawe katika magorofa ya Milimani. Kemboi alikuwa amepita Jumapili kumjulia hali, wakanywa chai, wakawasengenya madereva waliokufa, na wakati wa kuondoka akakatiza nyuma kwa jumba la takataka, kwa sababu geti la huko linamtupa mtu moja kwa moja kwenye njia ya mteremko. Hakumwona soja huko. Alipita tu na kadi mfukoni, akipiga mluzi.

Alipanda Milimani karibu akikimbia. Soja wa geti la mbele, mama mmoja mwenye sweta chini ya sare, akaipokea kadi kama mtu aliyerudishiwa kuku. Ilikuwa yao. Walikuwa wameitafuta. Lakini alipolifungua sanduku, kipande cha Kemboi hakikuwamo. Aliyekuwa zamu Jumapili, akaeleza, ni Ephantus, na Ephantus ameenda likizo kwao upande wa Molo. Akampigia kwa simu yake mwenyewe, akampa Kemboi aongee.

Ephantus alikuwa na sauti ya mtu aliyetoka kushiba. Akaeleza kwamba alimngoja mzee jioni ile, akamngoja kesho yake. Akapanda hadi kwa mwenyeji wake, akaambiwa mzee Ashok amelala na namba ya mgeni wake anaijua mwenyewe. Kulikuwa na maneno pia kwamba kampuni nyingine ya ulinzi inaingia, na sanduku la vipande vilivyosahauliwa lingepelekwa Mungu tu anajua wapi. Naye hakutaka cha mzee kipotee.

"Kwa hivyo nilikisoma, nikaona kwenu ni njia yangu ya kwenda nyumbani," akasema. "Nikakipeleka kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Si Sachangwan, mzee? Imeandikwa hapo. Nilimwachia naibu wa chifu."

Kemboi akaishusha simu akaitazama. Mama wa getini akadhani simu imekatika.

Sachangwan ndiko alikozaliwa, na ndiko kipande kilikoandikishwa enzi zile, lakini hakuwa amelala huko tangu mazishi ya mama yao. Shamba alikuwa amemwachia kaka yake Kipruto. Hawakuwa wamegombana. Kugombana kungekuwa afadhali, watu waliogombana huitwa wakapatanishwa. Wao barabara iliwatenganisha polepole tu, kesho nitapita, mwezi ujao nitapita, mpaka kupita kwenyewe kukawa na aibu. Na Kipruto simu yake huiwasha anapotaka kupiga yeye.

Ephantus akampa namba ya naibu wa chifu. Naibu akawa na haraka, alikuwa kwenye kikao. Ndiyo, kipande kilifika. Ndiyo, amekwisha kumpa mwenyewe mkononi, mzee Kipruto.

Kemboi akampigia Kimeli kwamba kesho wasimpitie Pipeline, wamchukue Sachangwan kando ya lami. Kimeli akasema hakuna shida, ni njia, lakini je, kipande kiko? Kiko, Kemboi akajibu, kimetangulia. Akarudi kuchukua begi, akasimama barabarani, akapata lori la mbolea ambalo dereva wake alimjua kwa jina. Njiani alijitayarishia maneno. Nitasalimia, nitakunywa chai, nitaomba msamaha kidogo, nitachukua changu. Alibadilisha mpangilio wa maneno hayo kila walipopinda kona.

Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya viazi alipofika. Nyumba ilikuwa ile ile, mabati mapya. Kipruto alikuwa amesimama getini, na alikuwa amevaa koti jeusi la suti na viatu vilivyong'arishwa, kama mtu anayengojwa na picha. Alikuwa amekonda. Akampa mkono, akamshika mkono huo kwa muda mrefu, wala hakuuliza ni kitu gani kimemleta.

"Nilijua ungefika leo," akasema. "Ungechelewa kuliko hapo ningekasirika. Kuja, kuja umwone kabla giza halijaingia."

Kemboi akafuata akidhani anapelekwa kwa mgonjwa. Akapelekwa zizini. Ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi mwenye madoa, tumbo limeshuka, kiwele kimejaa. Kipruto akaanza kumweleza kwa utulivu kama mwalimu. Anazaa wakati wowote kuanzia sasa. Wa mwaka jana alikuja vibaya, miguu ya nyuma mbele, kukosa mtu wa kuvuta ndama akafa. Ukiona anasimama na kulala, kulala na kusimama, usiende mbali. Daktari wa mifugo yuko Molo, namba nimekubandikia mlangoni. Majani nimekukatia. Maji ya moto uyaweke karibu.

Kemboi akasikiliza mpaka neno hilo la nimekukatia likamfikia.

"Wewe unaenda wapi?" akauliza.

Kipruto akamtazama kama anayetazama mtoto anayetania. Akatoa kipande cha Kemboi kwenye mfuko wa ndani wa koti, kimefungwa vizuri kwenye pakiti ya maziwa iliyooshwa. Nyuma yake kikatoka chake mwenyewe.

"Cheptoo aliponipigia nilimwambia siwezi, labda Kemboi aje akae na ng'ombe. Nikamwambia asikuambie. Nilisema ukiambiwa utakuja kwa kusukumwa. Halafu naibu akaniletea hiki. Nikakaa nacho hapo jikoni, nikasema, ndugu yangu ni mjanja. Kuomba msamaha kwa mdomo ameona aibu, ametanguliza rehani. Mtu hawezi kuacha kipande mahali asipotaka kurudi."

Akakiweka kwenye kiganja cha Kemboi. Kilikuwa na joto la mwili wake.

Huyo hapo Kemboi, na picha yake ya ujana kwenye kipande inamkodolea macho. Kilichobaki ni kusema. Ndugu yangu, sikukituma. Nilikisahau kwa Mhindi kwa sababu nilitokea nyuma. Kesho ninavuka Suam, mtoto ananingoja, wa kwanza nilimkosa. Maneno yalikuwa ya kweli yote na mafupi. Kipruto angevua koti, angelikunja, angerudi kwa ng'ombe wake. Si ni yeye aliyebaki nyumbani siku zote, akizika wazee, akiziba mabati, akishika jembe? Na ndiye kifungua mimba. Bakuli lile, kama mambo yangekwenda yanavyopaswa kwenda, lilikuwa la mkono wake kabla ya mkono wa Kemboi. Ila hakuna mtu aliyewahi kumwambia, nenda, mimi nitabaki.

Miguu ya Kemboi ilianza kuwasha hapo hapo alipokuwa amesimama.

"Anakula chumvi?" akauliza.

"Nani?"

"Ng'ombe."

"Anakula," Kipruto akasema. "Lakini usimzidishie."

Usiku huo walikula viazi na maziwa, wakaongea habari za mbegu, na Kemboi akamfundisha kaka yake jinsi ya kujibu maswali ya mpakani: ulizwa kimoja, jibu kimoja. Kipruto hakuwa amewahi kuvuka mpaka wowote.

Alfajiri, gari lilisimama kando ya lami taa zikiwaka. Kimeli akashusha kioo, akawaona wazee wawili, mmoja amevaa suti, mwingine amevaa gambuti za mpira za kuazima zilizojaa kinyesi cha ng'ombe.

"Mzee Kemboi, si nilisikia kipande umepata?"

"Nimepata."

"Sasa?"

"Sasa ng'ombe," akasema Kemboi, na akamfungulia kaka yake mlango.

Kipruto akaingia kwa uangalifu, akaweka begi magotini, akamwagiza tena habari ya maji ya moto. Kabla kioo hakijapanda Kemboi akamwinamia, akamwambia maneno ya kumfikishia Chepkemei, machache, ya kwake binafsi, na Kipruto akayarudia ili asiyapoteze. Gari likaondoka, likapanda kuelekea Mau Summit, na Kemboi akalisikiliza akihesabu gia moyoni, hii ameingiza mapema, hii amechelewa, mpaka ukungu ukalimeza.

Alirudi zizini. Akakaa juu ya debe, akasimama. Akaenda mpaka getini kutazama malori, akarudi mbio. Ng'ombe naye alilala, akasimama, akalala. Walitazamana hivyo asubuhi nzima, hakuna aliyepata mahali pa kutulia, mpaka mkia wa yule mweusi ukainuka ukabaki juu, na kwato mbili zikachungulia zikiwa zimeelekea sawasawa. Simu ikaanza kulia mfukoni, ni Kipruto, pengine yuko mpakani, pengine anauliza. Kemboi akaiacha ilie. Alikuwa amekwisha kukunja mikono ya shati na kupiga magoti kwenye majani.