Mahali pa Mwisho Alipoonekana

Chini ya milima ya Mua, kabla hujalifikia kanisa la mawe, pana kijito, na kando yake pana jiwe bapa ambalo wanawake wa huko huoshea miguu kila Jumapili. Huja pekupeku, viatu vimo kyondoni, kikapu cha kusukwa, visiharibiwe na vumbi, wakishaosha ndipo wanavivaa na kuingia kanisani kama watu walioshushwa na gari.

Kalondu alimketisha bintiye juu ya jiwe hilo akamwosha. Winfred alikuwa na miaka minane, mtoto wa Athi River, na mambo haya ya kuvua viatu njiani yalimchekesha.

"Kwani Mungu hapendi vumbi?"

"Susu, nyanya yako, alikuwa akisema Mungu hana neno na vumbi. Ila mke wa Mzee Kitheka ana macho."

Akacheka peke yake. Alimkumbuka mama yake akichutama papa hapa, akimpangusa vidole kimoja kimoja kwa ncha ya leso, huku akimhimiza arudie wimbo atakaoanzisha. Siku hizo Kalondu ndiye aliyekuwa sauti ya kwaya. Siku tamu zile, jamani, na hakujua kuwa ni tamu.

Kisha akapata mimba, na kijana aliyempa akaingia mitini. Mzee Kitheka, mzee wa kanisa, alilisoma jina la Kalondu mbele ya watu, akamwonyesha benchi la nyuma karibu na mlango. Desturi ilijulikana na wote. Aliyewekwa huko hakushiriki Meza ya Bwana. Sahani ya mkate ilikomea benchi lililo mbele yake ikarudi. Ili atoke huko, ilimpasa asimame, alitaje kosa lake na kulijutia hadharani. Kalondu alikaa pale Jumapili moja tu. Kabla ibada haijaisha alitoka, akashika njia ya Athi River, akaingia kiwandani kushona suruali za kupelekwa ng'ambo. Nyumbani alipiga simu tu, na kila mama yake alipomuuliza atakuja lini, alijibu kwamba hajapata ruhusa kazini. Uongo mtupu. Wala jina la mtoto hakulitaja kamwe.

Hata huko Athi River, kanisani, sahani ilipomfikia aliipitisha bila kugusa. Mpaka juzi Winfred alipomuuliza, "Mama, mbona wewe huli? Mungu amekukasirikia?" Swali hilo lilimchoma hadi kwenye maini. Ndiyo maana leo alikuja kusimama, ayaseme yale maneno, yaishe.

Lakini sasa, miguu hii ya mtoto ikiwa mikononi mwake, maneno yalimkwama. Angelijutiaje kosa ambalo amelishika mkono na kulileta mwenyewe? Na mtoto akisikia, atajiitaje? Alimvalisha viatu polepole, akapiga moyo konde, wakapanda.

Walikuta wimbo umeanza. Kalondu hakuhitaji kuonyeshwa pa kukaa. Alielekea benchi la nyuma, na hapo akamkuta mwanamke mzee, peke yake, kyondo miguuni. Alikuwa mama yake.

Mama akasogea, kana kwamba binti alikuwa ametoka mara moja kwenda kuchota maji.

"Kaeni. Mtoto akae katikati, hapo mlangoni pana upepo."

Kalondu alikaa. Huyu aliyekuwa kiongozi wa akina mama, leo yuko huku?

"Mwaitu," alimnong'oneza mama yake, "umekosa nini?"

"Nani amekosa?"

"Basi mbona wamekuweka nyuma?"

"Sikuwekwa. Hapa ndipo nilipokuona mwisho." Mama alirekebisha kitambaa chake cha kichwa. "Mtu akipoteza kitu si hurudi pale alipokiona mwisho? Huyu mrembo anaitwaje?"

"Winfred."

Hilo lilikuwa jina la Mama mwenyewe. Machozi yalimlengalenga, lakini ulimi wake ulikuwa ule ule wa zamani.

"Kumbe nimekuwa Athi River siku zote hizi, na hakuna aliyeniambia."

Wakati wa Meza ukafika. Mzee Kitheka, sasa mgongo umepinda, alishuka na sahani benchi baada ya benchi. Kalondu aliinamisha kichwa, akingoja ikomee pale ilipozoea. Lakini nyayo zilizidi kuja, hadi nyuma kabisa.

"Mama Kalondu," Kitheka alisema kwa upole wa mtu aliyezoea kukataliwa, "ni vile vile? Bado unamngoja mwenzako?"

"Amefika," alisema Mama.

Ndipo Kalondu alipoelewa. Mama hakuwa amekaa benchi lile tu. Hakuwa amekula mkate pia, tangu siku Kalondu alipoondoka.

Kalondu akasimama, mkono wa Winfred mkononi mwake. Vichwa viligeuka kanisa zima.

"Mzee, nimekuja kusimama mbele ya watu, kama inavyotakiwa. Nilikosa, na Mungu anajua. Lakini huyu mtoto siwezi kumjutia. Mkinirudisha nje, nirudisheni naye."

Kitheka alimtazama yeye, akamtazama mtoto.

"Kaa, mwanangu," alisema hatimaye. "Mimi nimechoka kurudi kule mbele na kipande cha mama yako."

Akainama, akawafikishia sahani.

Mama alitafuna taratibu, macho amefumba. "Nilikuwa nimesahau ladha yake," alinong'ona.

Machozi yalimdondoka Kalondu. Mama alishika ncha ya leso yake, akampangusa uso, shavu moja kisha jingine, huku Winfred akiwatazama na kubembeza miguu yake misafi chini ya benchi. Kule mbele wimbo ulikuwa unasubiri mtu wa kuuanzisha.