Uzi Mwekundu wa Ubavuni

Miezi mitatu mtafiti wa mitindo alizunguka mitaani akitazama wanawake wanavaa nini, maana kampuni ya mavazi iliyomwajiri kwa majaribio ilikuwa imekosa sura. Magauni yake yalifanana na ya kila mtu. "Nitafutie alama," Bosi alimwambia. "Mtu akiiona kwa mbali ajue ni sisi. Ukiipata, ajira ni yako."

Akaipata kwenye foleni ya zahanati. Wanawake saba, magauni saba ya vitambaa tofauti, na ubavuni mwa kila gauni mstari wa uzi mwekundu toka kwapani hadi nyongani. Akauliza. Magauni yale yalikuwa na miaka kumi, mengine kumi na tano, na fundi wao mmoja: mama yake mdogo, aliyemlea na kumsomesha kwa cherehani. Uzi ule mtafiti alikua nao, macho yakauzoea hadi yakaacha kuuona.

Bosi alipoonyeshwa ripoti na picha nusura aruke. Baada ya wiki mbili gauni la mfano likawa tayari: uzi mwekundu ubavuni, mikono mipana kama masikio ya tembo, kwa kuwa ndiyo mtindo wa mwaka. Mtafiti akalipeleka kwa mama mdogo kutaka baraka.

Mama mdogo hakulitazama kwa nje. Aliligeuza ndani kwanza, kama fundi yeyote anayejua uongo unakaa wapi.

"Kitambaa kiko wapi?"

"Kipi, mama?"

"Cha akiba! Huu uzi nawawekea wajue pa kufumulia. Mwanamke ananenepa, anashika mimba, anazeeka. Akifumua hapa, gauni linapanuka inchi mbili kila upande. Lenu hili akifumua anabaki mbavu nje, tena sokoni. Mnawapaka wenzenu mafuta kwa mgongo wa chupa, mwanangu."

"Lakini kazini wamelipenda sana."

"Hao? Si ndio walionifukuza?" Mtafiti alijua tu kwamba mama mdogo aliwahi kushona pale. "Miaka ishirini na miwili sasa. Eti naharibu kitambaa kwa hizo inchi mbili. Tulitolewa wanawake kumi na mmoja siku moja, tukaambiwa tuache mikasi mezani. Hata rangi ya tai ya aliyetusomea barua naikumbuka."

Ndivyo walivyo. Humfukuza mtu mlangoni, kisha humtuma mtafiti dirishani akaufuate ujuzi wake.

Kesho yake kikaoni, mtafiti angeweza kunyamaza na barua ya ajira akaipata. Badala yake aliwaeleza habari ya akiba ya inchi mbili kila upande, akaomba wembe, akakata uzi mbele yao wote. Gauni likaachama toka kwapani hadi nyongani.

"Nani anafumua gauni jipya?" Bosi akafoka.

"Jipya hapana. Wale saba walifumua baada ya miaka, ndiyo maana bado wanayavaa."

"Inchi nne kila gauni! Unataka nifunge kampuni?"

"Basi toa uzi, Bosi. Na ripoti yangu naichukua."

Mkataji mkuu, mzee ambaye neno lake kikaoni lilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi, akajikohoza.

"Haya masikio ya tembo yanakula zaidi ya inchi nne. Yapunguzeni, akiba itapatikana."

"Ulijua siku zote?" mtafiti akamuuliza.

"Nilijua hata siku ile wale kumi na mmoja wanatolewa. Nikanyamaza, nina watoto. Sasa watoto wameshakua."

Bosi akalipindua gauni, akapima kwa vidole, akapima tena. Mwisho akauliza, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji, nani atawafundisha washonaji wake.

"Yupo," mtafiti akasema. "Ila huku harudi. Mtamfuata nyinyi."

Ijumaa wakamfuata, Bosi mbele, mkataji nyuma na karatasi za kukatia kwapani. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti akimbana mteja gauni, pini mdomoni. Bosi akasalimia. Mkataji akataka kuanza kuomba radhi, mama mdogo akamnyooshea kiganja.

"Kaeni hapo kwenye benchi," akasema kati ya pini, bila kugeuka. "Bado kwapa, halafu pindo."

Wakakaa. Mtafiti, aliyetangulia kuketi hapo na ambaye barua yake ya ajira ilikuwa bado haijaandikwa, akasogea kuwapisha nafasi.