Uwanja wa Ndagala

Consolée alikuwa amekwisha kumwaga beseni la pili la ndagala, dagaa wa ziwani, juu ya chandarua, anawatandaza kwa kiganja, pale wanaume wawili walipoingia uwanjani na vigingi, nyundo na kopo la rangi nyekundu. Hawakusalimu mtu. Walipima kutoka kwenye kona ya barabara, wakapiga kigingi cha kwanza, wakapima tena, na cha pili wakakipigilia katikati ya ndagala wa Spès, jirani yake.

"Ee! Papa, hauone kama ni chakula?" Spès akapiga kelele.

"Mama, hii ni terrain ya Leta," mmoja akajibu bila kuinua kichwa. "Mutoe hizi samaki. Banajenga Nyumba ya Komini hapa."

Uwanja haukuwa wao, na hakuna aliyewahi kusema ni wao. Zamani walianika kwenye mchanga wa ufukweni. Ziwa lilipopanda likala mchanga, likala michikichi, likaingia mpaka kwenye vyumba vya watu, na hata lilipotulia halikurudisha kitu. Ndipo wanawake wakapanda na mabeseni yao hadi kwenye kipande hiki cha ardhi, chini ya mtaa wa Nyamianda, ambacho Leta, yaani serikali, ilikuwa imekisahau. Ndagala mbichi akikosa jua leo, jioni anatoa harufu, na kesho ni chakula cha bata. Biashara yenyewe ndiyo hiyo: jua, na mahali pa kuwatandaza chini yake. Watoto wanne wa Consolée walikuwa wanasoma kwa hilo jua.

"Ugeuze na zangu," alimwambia Spès. "Minye naenda kuuliza."

Ofisi ya mipango ya mji ilikuwa na benchi moja, na kwenye benchi hilo Consolée alikaa tangu saa tatu hadi saa saba na nusu. Kila aliyekuja kuketi karibu naye alivuta pumzi mara moja kisha akakumbuka kwamba anapenda kusimama. Yeye hakuona haya. Harufu hiyo ndiyo iliyompa nauli ya kuja.

Mwishowe Gaspard, mchora ramani, alichungulia mlangoni na kumtambua. Walisali kanisa moja.

"Mama Belyse? Weye ndio unangoja tangu asubuhi? Kuya ndani."

Mpango ulikuwa umebandikwa ukutani, mkubwa kuliko mlango. Nyumba ya ghorofa moja yenye nguzo mbele, miti ya duara iliyopangwa mstari, benchi, taa. Kulikuwa na watu pia. Mwanamke mwembamba wa viatu virefu alikuwa anavuta mbwa kwa kamba.

"Huyu ni nani?" Consolée akauliza.

"Hapana mutu." Gaspard alionyesha kompyuta mezani. "Ni ordinateur inawaweka yenyewe."

"Na siye? Tuko wapi?"

Gaspard alikuna shingo. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa haujawahi kuulizwa swali waziwazi namna hiyo.

"Mama, watu waliulizwa," alisema polepole, na akafungua dosye, faili nene la kazi hiyo. "Ona. Wakaaji sitini na wane, wote walikubali. Wako na siniatire."

Consolée aliitambua karatasi kabla ya kuisoma. Mwezi uliopita walikuwa wameitwa kwenye ukumbi wa parokia. Watu wa mashati meupe walisema Kifaransa kingi, na kabla ya sala ya kufunga ikazungushwa orodha ya waliohudhuria, kama inavyozungushwa kwenye kila mkutano Uvira. Hakuna asiyejua sheria yake: jina lako lisipokuwemo, hupati sukre, soda ya chupa, wala andazi. Na kwa kuwa jirani aliyekosa kufika naye ana kiu, unamsainia. Consolée alisaini lake. Akasaini la Spès, aliyekuwa shambani Kiringye. Akasaini na la mzee Pudentienne, aliyekuwa mgonjwa kitandani na ambaye sasa ni marehemu. Alirudi nyumbani na chupa tatu mkononi, akiona ametenda jema.

Sasa orodha ile ilikuwa imebanwa ndani ya dosye ya mpango, na juu yake mtu alikuwa ameongeza mstari mmoja: wakaaji wameridhia.

"Hii ilikuwa ya sukre," Consolée alisema. "Gaspard, weye ulikuwa pale. Hii ni ya sukre!"

"Nilikuwa pale."

"Na haukusema kitu?"

Gaspard alijishughulisha kuinyoosha karatasi ambayo haikuwa na mkunjo.

Consolée alirudi ukutani. Angeweza kulia, lakini alikuwa na ndagala juani na hakuwa na muda. Akaonyesha kwa kidole upande wa nyuma, kuelekea ziwani, mahali peupe pasipo miti.

"Hapa kutakuwa nini?"

"Sima tupu. Ni ya défilé, watu wanapita gwaride. Mara mbili, tatu kwa mwaka."

"Na siku zingine?"

"Siku zingine..." Gaspard alifikiri. "Jua tu."

Sima! Juu ya sima, saruji ngumu, ndagala hukauka kabla ya saa nane, bila mchanga wa kumkera mtu menoni.

"Basi tutaanika pale."

"Kuko ukuta, mama. Pande zote ine. Mlango ni moja, kwa barabara, na askari. Nilichora mwingine nyuma, shefu akaufuta. Anasema watu wataingia ovyo."

"Na hii?" Consolée alikuwa ameona kimstari cha penseli ya buluu kilichokatiza ukuta wa nyuma.

"Hiyo ni njia ya maji. Tangu mafuriko, plan isipoonyesha maji itapita wapi, wafadhili wanarudisha dosye yote."

Hapo ndipo hasira ilipompata sawasawa.

"Maji! Maji ilisinia wapi? Iliingia kwangu bila hodi, ikabeba kitanda, ikabeba mbuzi, na munaifungulia njia. Siye tunaomba kamlango, hapana. Basi uandike kama siye ni maji!"

Gaspard alimtazama. Akaenda akafunga mlango, akarudi, akaubandua mpango na kuutandaza mezani, akachukua penseli na raba.

"Mukibeba beseni kichwani," aliuliza kwa sauti ya chini, "wawili mukipishana, munaombaka nafasi gani?"

Consolée aliinua mikono kana kwamba ameshika beseni, viwiko nje. Gaspard akampima kwa utepe, kiwiko hadi kiwiko, kama fundi cherehani. Akazidisha mara mbili, akapunguza kidogo, akafuta kimstari cha buluu na kuchora uwazi wa mita moja na nusu, kuanzia chini hadi juu ya ukuta. Pembeni akaandika kwa herufi nzuri: *passage d'eau*, njia ya maji.

Shefu Hyacinthe aliingia saa nane, ametoka kula, muhuri mkononi. Aliinama juu ya karatasi na kupitisha kidole juu ya mstari wa ukuta hadi kikakwama.

"Hii nini?"

"Njia ya maji, shefu. Niliipanua juu ya mvua ya mwaka jana."

"Metre moja na nusu?" Shefu alikunja uso. "Gaspard, weye unacheza na maji? Haukuona ile ya mto Mulongwe? Weka tatu."

"Tatu, shefu?"

"Tatu! Maji haiombake ruhusa." Akapiga muhuri. Ndipo alipomwona mwanamke pembeni ya kabati. "Na huyu mama iko natafuta nini?"

"Nilikuja kuuliza tu, shefu," Consolée alisema.

"Kuuliza iko siku ya mkutano. Utangoja mkutano."

Alirudi kwa miguu, haraka, maana jua lilikuwa limeanza kulegea. Mita tatu. Alitaka kucheka, na mara ikamchoma aibu ambayo hata kwenye benchi hakuihisi. Hayo yote kwa maji, na hakuna aliyeshtuka. Angeomba yeye, asingepewa hata kitundu cha kupitisha mkono.

Spès alikuwa amehamisha vyandarua vyote kandokando ya vigingi. Hakuacha kugeuza alipouliza:

"Wametupatia?"

"Hapana," Consolée alisema, akapiga magoti upande wake. "Wamepatia maji. Siye tutapita nyuma yake."