Banda Nililomjengea Majivu

Mwaka ule reli ilipofika Dodoma, Gideoni alikuja kwangu Mkonze kuniomba nijenge nyumba ya mbwa.

Mke wangu Zipora alikuwa anapepeta uwele. Aliweka ungo chini, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nyumba ya mbwa, shemeji? Na mke mtamwolea wapi?"

"Cheka tu," Gideoni akasema. "Mbwa wa Mdachi halali jalalani kama huyu wenu."

Huyu wetu alikuwa Majivu. Wakati huo alikuwa amelala pale anapolala siku zote, juu ya majivu ya jikoni kando ya mlango, kijivu mwili mzima, hata usingejua kama kuna mbwa mpaka afungue jicho.

Gideoni alikuwa mpishi wa Mdachi mmoja wa reli, mpimaji wa ardhi. Sisi tulimwita Bwana Kamba, kwa sababu kila alipopita alinyoosha kamba katikati ya shamba la mtu. Gideoni alisema Bwana Kamba anataka banda la nje, imara, lenye uzio. Mbwa mwenyewe angekuja na treni kutoka pwani.

"Mafundi wako wengi," nikamwambia.

"Wengi, lakini ndugu yangu ni mmoja."

Hilo lilikuwa kweli. Tulichanjiana chale kifuani tukiwa vijana, tukapaka damu kwenye ini la mbuzi, kila mmoja akala ya mwenzake. Mwalimu wa misheni alikuwa ametukataza. Tulifanya vilevile. Mimi shule niliiacha mapema, baba alipofariki nikarudi kwa mbuzi. Gideoni alibaki akasoma, kisha akaingia jikoni kwa Wadachi akajifunza lugha yao hukohuko kwenye masufuria. Lakini chale hazikujali nani alisoma. Kwetu maana yake ni hii: cha ndugu yako ni chako. Ukipungukiwa unaingia kwake unachukua, huombi. Mwaka wa njaa nilichota mtama ghalani kwake Ipagala, mwenyewe hayupo. Naye Loisi mkewe alipojifungua, alikuja akachukua kondoo wangu mnono, mimi nikiwa machungani. Niliporudi Zipora akaniambia, nikasema vema.

Basi nikakubali kujenga.

Nilianza na mahali. Bwana Kamba alitaka banda liwe nyuma ya jiko. Nikamwambia Gideoni amweleze kwamba pale wanamwaga maji ya moto, na ardhi imejaa funza. Nikachagua upande wa juu wa kiwanja, maji yanapoteremka yasituame. Nikachoma samadi kavu juu ya udongo siku nzima, funza na papasi wafe. Nikainua sakafu kwa mawe. Mlango nikaugeuzia mbali na mashariki, maana upepo wetu unatoka huko na vumbi lake, na paa nikalitokeza mbele kidogo liwe na kivuli cha jioni. Paa lenyewe nililifanya kama la tembe: fito, nyasi, kisha udongo wa kushindilia. Nguzo zilikuwa za mpingo. Mchwa hali mpingo.

"Mbwa huyo ana ukubwa gani?" nikamwuliza Gideoni.

"Kama Majivu. Pima kwa Majivu."

Nikarudi nyumbani nikampima kwa ukamba, kuanzia pua mpaka mkia, na mabegani. Alidhani ni mchezo, akawa anautafuna ukamba.

Tulipofika kwenye uzio, Gideoni alikuja kusimama karibu yangu, mikono imejaa unga.

"Hivi Majivu anaruka kiasi gani?"

"Uzio wa mbuzi anauruka. Unanifika kifuani."

"Basi huu upite kichwa chako. Mbwa mgeni hutoroka. Na kuchimba, anachimba?"

"Anachimba kuliko nguruwe. Mwaka juzi alimfukua panya akabomoa ukuta wa mama mkwe."

Gideoni akacheka. "Tia mawe chini ya nguzo, basi."

Nikatia mawe. Nikachimbia nguzo mpaka mkono ukazama begani. Kila alichouliza kuhusu mbwa wangu nilijibu, tena kwa majivuno. Mtu akikuuliza habari za mbwa wako mzuri unasema.

Na Majivu alikuwa mzuri. Nilimtoa Bahi kwa wavuvi akiwa bado hajafungua macho vizuri, nikambeba ndani ya kibuyu kilichokatwa. Alfajiri moja chui alipanda juu ya tembe letu, akatoboa paa, akaangukia zizini katikati ya mbuzi. Mimi nilikuwa bado natafuta mkuki. Majivu alishamkamata mguu wa nyuma, hakumwachia mpaka nilipofika. Sikio lake moja lilibaki vipande. Tangu siku ile sikupoteza mbuzi, na mbuzi wale ndio waliotulisha mvua ilipokataa. Habari hiyo ilisimuliwa hadi Dodoma. Gideoni ndiye aliyeisimulia mezani kwa Bwana Kamba. Hilo nililijua baadaye.

Banda lilipokauka, Gideoni alikuja Mkonze tena. Alitaka ngozi ya mbuzi ambayo Majivu hulalia wakati wa baridi.

"Ya nini?"

"Mbwa mgeni akikuta harufu ya mbwa mwenzake hataogopa. Na kesho umlete Majivu mwenyewe, tujaribu mlango kabla treni haijafika."

Zipora hakucheka mara hii. Gideoni alipoondoka na ngozi kwapani, akaniambia, "Huyo mgeni wa treni mbona hana jina?"

"Ana la Kidachi."

"Mwulize."

Sikumwuliza.

Kesho yake nilikwenda na Majivu. Hakutaka kuingia bandani. Alisimama langoni, akanusa mbao, akanitazama. Nikaingia mimi kwanza, nimeinama, nikapiga ulimi kama ninavyompigia nikitaka alale. Akanifuata, akaikuta ngozi yake, akazunguka, akalala. Alienea vizuri kabisa. Nikafurahi. Nikatoka kumwonyesha Gideoni jinsi mlango unavyomtosha, na Gideoni akasukuma lango la uzio, akapitisha komeo la chuma.

Bwana Kamba alishuka barazani akitabasamu. Alinipa blanketi jipya jekundu, akanipiga begani, akasema kitu. Nilidhani ni la kazi. Nikalikunja, nikamwambia Gideoni, "Fungua nimchukue, jua linapanda."

"Mwache."

"Nimwache vipi?"

Gideoni hakunitazama. Alikuwa anajifuta mikono kwenye kanzu yake nyeupe, mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Hakuna mbwa wa treni, Filipo. Huyu ndiye mbwa wa Bwana. Alimtaka tangu aliposikia habari za chui. Usipige kelele, anatutazama."

"Mbwa wangu?"

"Wako ni wangu. Mwaka wa njaa ulipochota mtama kwangu, uliniuliza?"

"Sikukuuliza. Nilikuwa na njaa, nikala. Chale zinakupa ruhusa kula changu. Ungemtaka Majivu alinde kwako Ipagala, ungekuja ukamchukua, nisingefungua mdomo. Wewe umemchukua ukampa mtu tusiyechanjiana naye."

"Mtu huyo ndiye anayenilisha."

"Na mimi nilikulisha nini?"

Akatupa jicho barazani. Halafu akasema polepole kama mtu anayembembeleza mgonjwa, "Angetuma askari amchukue tu. Hivi angalau umepata blanketi."

Nililiweka blanketi chini, pale miguuni pake, nikaondoka. Majivu alianza kulia nilipofika njiani. Alidhani nimesahau.

Siku zile hapakuwa na mtu wa kumshitakia. Wazee wangeuliza: mlichanjiana? Tulichanjiana. Basi, mnadaiana nini? Nikafikiri mpaka nikaona njia. Kama cha ndugu ni cha ndugu, na iwe hivyo pande zote mbili. Nilikwenda Ipagala mchana kweupe, nikamkuta Loisi anatwanga. Nikamwambia nimekuja kumchukua ng'ombe wao wa maziwa, yule mwenye doa jeupe usoni.

"Mna shida, shemeji?" akauliza.

"Tuna shida."

Akaniondolea miti ya zizi yeye mwenyewe, akanipa na kamba. Loisi alijua maana ya chale.

Sikumtaka ng'ombe. Nilitaka Gideoni aje Mkonze kumdai. Angekuja, ningemkalisha, ningempa uji, ningemwambia: lete changu, chukua chako. Zipora alifagia ua kabisa. Tukangoja.

Waliokuja ni askari wawili. Walinifunga mikono, wakaniongoza mpaka Dodoma, na ng'ombe nyuma yetu, watu wa njiani wakitazama. Waliniita mwizi. Jina hilo sikuwahi kuitwa.

Bwana Kamba alikaa kwenye kiti barazani. Aliuliza kwa Kidachi, na wa kufasiri alikuwa Gideoni.

"Bwana anauliza kwa nini uliiba ng'ombe."

"Mwambie sikuiba. Mwambie tulichanjiana chale, mimi na wewe. Mfungulie kifua aone."

Gideoni akamgeukia Bwana Kamba. Nilikuwa nimesema maneno mengi. Yeye alisema machache sana. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika shingo ya kanzu, pale vifungo vinapoishia.

Bwana Kamba alitikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye blanketi jekundu lililotandikwa kitini, kama kusema mbwa alishamlipia, akasema neno, kisha akasema lile ambalo halikuhitaji mfasiri, maana nchi nzima ilikuwa imelijua kwa migongo yake.

"Hamsa ishirini." Viboko ishirini na vitano.

"Umemwambia nini?" nikamwuliza Gideoni.

"Nyamaza, Filipo. Ukinyamaza vinaisha upesi."

Wakanilaza kifudifudi kiwanjani, askari mmoja miguuni, mwingine na kiboko. Uso wangu ulielekea upande wa juu wa kiwanja, kwenye banda. Sikupewa kuchagua.

Majivu alikuwa ameshaniona. Kiboko cha kwanza kilipolia alijirusha kwenye uzio. Alirudi nyuma akaruka tena. Uzio ulipita kichwa changu, nilikuwa nimeupima mwenyewe. Akachimba, udongo ukaruka, kisha nikasikia kucha zikikwaruza mawe. Akauma nguzo. Mpingo haujui meno. Alivuta, akatikisa kichwa kama siku ile ya chui, na mdomo wake ukaanza kutoka damu, nguzo haikusogea hata kidogo. Nilikuwa nimejenga vizuri. Hapakuwa na mahali nilipofanya uvivu.

Mgongo niliweza kuuvumilia. Yule mbwa sikuweza. Aliendelea kuuma, na nikaona ataacha meno yote pale. Nikajilamba midomo ili iwe na mate, nikapiga ulimi.

Akasimama. Nikapiga tena. Akarudi nyuma, akapanda kwenye sakafu ya mawe, akazunguka juu ya ngozi yake, akalala. Sikio zima lilibaki juu. Hakuniondolea macho, lakini alitulia, na alikaa hivyo mpaka wakamaliza.

Bwana Kamba alikuwa ameinuka kutoka kitini. Alipendezwa sana. Akasema na Gideoni kwa haraka, akinionyesha mimi, akimwonyesha mbwa.

Gideoni alikuja akachuchumaa karibu na kichwa changu. Nilimsikia anavyohema.

"Ndugu yangu," akasema, "Bwana anauliza umefanyaje hata akatulia. Anasema ukimfundisha atakusamehe habari ya ng'ombe."

Nilikaa kitako kwanza. Ilichukua muda. Nikatema vumbi.

"Mfasirie unavyotaka," nikamwambia. "Kwa hilo huhitaji msaada wangu."

Nikatoka kiwanjani bila kutazama juu. Nyuma yangu nilisikia Bwana Kamba amekwenda kwenye uzio, anapiga ulimi, anakosea, anapiga tena. Halafu Gideoni akapiga. Yeye hakukosea. Alikuwa kwangu siku nyingi mno, alinisikia nikimlaza Majivu jioni nyingi tukila pamoja.