Ungeulizwa, Ungekubali

Maziwa yalikuwa yakimtoka Naimutie na kulowesha kanga aliyoazimwa, ingawa mtoto mwenyewe alikuwa amezikwa jana yake kule Bonga, nje kidogo ya mji. Meijo, mumewe, ndiye aliyemzika, kisha akarudi Simanjiro kwenye ng'ombe. Naimutie alibaki wodini, katika hospitali moja ya mjini Babati, akingoja mshono ukauke.

Nesi Devotha alipokuja kumsafisha kidonda, Naimutie alimwuliza akae muda gani ndipo abebe mimba nyingine. Nyumbani alikuwa amebakiwa na binti mmoja tu, Naisimoi.

Devotha aliendelea kubandika plasta.

"Mama Naisimoi, kwani hukuambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

"Walikufunga kizazi. Palepale kwenye upasuaji."

Daktari Hilary alipopita kuona wagonjwa, alimkuta ameketi, miguu ikining'inia.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama. Mbona umekaa?"

"Nani alikubali nifungwe?"

Daktari hakuwa mtu mkali. Alivuta kiti, akakaa.

"Huu ni upasuaji wako wa tatu. Kizazi kimechoka, mama. Mimba nyingine ingekuua. Mwanamke yeyote mwenye akili timamu, angeelezwa hivyo, angekubali. Kwa hiyo ni kama ulikubali."

"Nilikuwa macho," Naimutie alisema. "Mlinichoma sindano ya mgongo tu. Niliwasikia mkiongea habari za mpira. Wewe ulicheka."

Daktari alitazama dirishani.

"Mngeniuliza."

"Ungejibu nini?"

Naimutie alifungua mdomo. Alilitafuta jibu kwa Kiswahili, akalitafuta kwa Kimaasai. Pengine angekubali. Pengine angesema, ngojeni kwanza nimwone huyu mtoto kama atapona. Sasa hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe.

"Unaona?" Daktari alisema kwa upole, akampigapiga begani, akainuka.

Kwenye kitanda cha pili alilala mwanamke kutoka Nangara, tumbo juu, tayari amevalishwa gauni la kuingilia chumba cha upasuaji. Daktari alimpima mapigo ya moyo, akamgeukia Devotha.

"Huyu ana watoto watano. Tukishamtoa huyu wa sita tumalizie kabisa. Atakubali tu."

Mwanamke aliinua kichwa kwenye mto.

"Nikubali nini?"

Daktari alikuwa ameshafika mlangoni. Devotha aliinama, akafungua breki za kitanda, akaanza kukisukuma.